Siku moja maabara Pemba: kumsaka Salmonella Typhi, bakteria wa homa ya matumbo (taifodi)

Saa 1:00 asubuhi. Daladala ya Wete kwenda Chake Chake, nimebanwa na kapu la muhogo la bibi mmoja. Shikamoo, marahaba, tumefika.

Saa 2:00. Koti, glavu, kisha joto la inkubeta. Halafu nakwenda moja kwa moja kwenye sahani za kuoteshea bakteria nilizopanda jana. Chupa ya damu ya kijana mwenye homa ya wiki mbili ilivurugika kama maji ya mchele. Nikatia rangi tone lake, kwenye hadubini nikaona bakteria, vijiti vyekundu, nikavipanda. Vijiti vyekundu pekee havithibitishi kitu, hata E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, huonekana hivyo. Lakini leo kwenye MacConkey, chakula cha bakteria chenye sukari ya maziwa, koloni (vishada vya bakteria) hazina rangi: mdudu huyu haili sukari hiyo. Hapo moyo ukaanza kwenda mbio.

Saa 4:00. Ndani ya kabati la usalama, nachanganya bakteria na tone la seramu ya O9 juu ya kioo; seramu hugandanisha bakteria wenye alama inayoitafuta, na O9 ni alama ya mwilini mwa Typhi. Kimya, hakuna kinachogandana. Tone la seramu ya Vi, alama ya koti la nje: chembe zikashikana papo hapo. Typhi huvaa koti la Vi linaloificha O9, kwa hiyo nikachemsha mchanganyiko, nikaupoza, nikarudia. O9 nayo ikagandana. Nikapanda mirija ya uthibitisho na vidonge vya antibiotiki vya kuonyesha dawa ipi inamuua, vyote vya kusomwa kesho.

Saa 5:00. Simu wodini. "Daktari, yule kijana anaelekea kuwa na Typhi. Siprofloksasini usiitegemee mpaka nikupe majibu." Usugu wa dawa hiyo umeenea sana duniani.

Saa 7:00. Swala, wali na samaki.

Saa 8:00. Fomu, fomu. Nusu yake zimeandikwa "Widal chanya", yaani kipimo cha damu cha taifodi. Kipimo hicho ni cha mwaka 1896, husoma kingamwili (askari wa mwili dhidi ya vijidudu), na kingamwili zinaweza kuwa za homa iliyokwisha zamani. Mimi nasema wazi: watu wanameza dawa nyingi bila sababu kwa ajili yake.

Saa 9:00 alasiri. Muuguzi kaleta chupa ya mtu mzima, damu kiduchu.

"Dada yangu, hii mililita mbili haifiki."

"Kakangu, mgonjwa kasema tunamkausha."

Nikamweleza: mara nyingi mililita moja ya damu haina hata bakteria mmoja. Ndiyo maana kwa mtu mzima tunataka 8 hadi 10. Ukichota kidogo, unamkosa mdudu, na majibu yanatoka "hakuna kitu" huku homa iko palepale.

Akacheka, akachukua chupa nyingine, akarudi wodini kumbembeleza mgonjwa.