Sulemani na Ashtorethi: nani alimfunga nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni 1 Wafalme 11:1–13, ila naomba tupitie Ulaya kwanza.

Huko palikuwa na waganga wa vitabu, watu waliojua Kilatini, wakijichorea duara na kuyaita mapepo kwa majina. Kitabu chao kimoja cha karne ya 17, Ufunguo Mdogo wa Sulemani, kinataja mapepo 72, kila moja na cheo chake kama serikali. La 29 ni Astaroth, mtawala mwenye majeshi 40, amepanda joka na mkononi ameshika nyoka. Mdomo wake unanuka mno, hata anayemwita anaonywa asimsogelee na aiweke pete yake ya uganga mbele ya uso wake mwenyewe. (Mkubwa wote huo, na bado ananuka mdomo.) Kitabu kinadai kwamba Sulemani aliyafungia mapepo hayo yote katika chombo cha shaba, akakitosa ziwani.

Sasa fungua Biblia. Astaroth huyo chimbuko lake ni Ashtorethi, mungu mke wa Wasidoni. Na Sulemani alimfanya nini? Hakumfunga. Mstari wa 5 unasema alimfuata. Mtu aliyetokewa na Bwana mara mbili, aliyejenga hekalu, uzeeni anawajengea miungu ya wake zake mahali pa juu mbele ya Yerusalemu. Waganga wakachukua jina la mtu aliyeshindwa wakaligeuza kuwa silaha ya kushindia.

Kuna jambo jingine lililonishika. Johann Weyer, daktari aliyepinga kuuawa kwa wanawake waliosingiziwa uchawi, alichapisha orodha ya mapepo hayo mwaka 1577. Humo Astaroth anaeleza jinsi roho zilivyoanguka, na kuhusu yeye mwenyewe anasema hakuanguka kwa hiari yake. Pepo naye ana kisingizio!

Linganisha na mstari wa 11. Bwana hamwambii Sulemani kwamba pepo lilimwingia. Anamwambia amefanya hayo yeye, agano hakulishika. Wake 700 na masuria 300 wanatajwa, naam, lakini hukumu haiwaendei wao. Sisi siku hizi tuna pepo la hasira, pepo la uzinzi, pepo la madeni, na mkesha mzima tunalikemea wakati namba ya simu ya yule mtu bado tumeihifadhi. Mapepo yapo, sikatai, na Yesu aliyatoa. Ila hakuna mahali alipomwambia mtu atoe pepo pale alipopaswa kutubu.

Zile madhabahu za mahali pa juu hazikuondoka Sulemani alipokufa. Zilikaa zaidi ya miaka 300, wafalme wakipita, hata Hezekia, mpaka Yosia alipopanda akazinajisi, akavunja nguzo na kujaza mahali pake mifupa ya watu (2 Wafalme 23:13–14). Yosia hakukemea kitu pale. Alibomoa.

Juma hili, kabla ya maombi ya kufunguliwa, kila mmoja ataje mbele za Bwana kile alichokijenga mwenyewe.