Swali Langu ni kwa Mkalimani

Ukumbini kulikuwa na wanafunzi kama mia mbili, na wanne kati yao walikuwa viziwi. Kwa ajili ya hao wanne tuliitwa wakalimani wawili wa lugha ya alama. Si kwa ufahari. Ukikalimani peke yako, baada ya dakika ishirini hivi akili huanza kuangusha maneno njiani, na wewe mwenyewe huna habari. Kwa hiyo mmoja husimama mbele, mwenzake huketi mstari wa kwanza akimtazama, tayari kumrushia alama iliyomponyoka, kisha hubadilishana zamu.

Ilikuwa mwaka 2023, siku ya kuwaelekeza wanafunzi kuhusu kazi. Meza kuu walikaa daktari, wakili na mhandisi. Mwalimu wa ushauri nasaha alifungua kwa kugawa karatasi zisizo na jina, zenye swali moja: ukifika umri wa miaka 30, utakuwa unafanya kazi gani? Akaeleza alikolitoa. Ni swali linalofanana na lile ambalo shirika la OECD huwauliza vijana wa miaka 15 katika utafiti wake wa PISA. Majibu ya mwaka 2018, ripoti yake ikatoka 2020, yalionyesha kuwa katika nchi 41, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walitarajia kuishia katika mojawapo ya kazi kumi tu.

"Kazi ziko maelfu," akasema, "ninyi mnagombania kumi."

Wakacheka, kisha wakainama na kuandika daktari.

Wageni wakaanza kusimulia. Daktari alijua tangu akiwa mdogo. Wakili alijua tangu akiwa mdogo. Mhandisi alikuwa akifungua redio za watu na kuzifunga tena. Nimekalimani siku za namna hii nyingi, na bado sijakutana na mgeni aliyekiri kwamba alifika alipo kwa kupotea njia. Frank Parsons, anayehesabiwa kuwa baba wa ushauri wa kazi, alifungua ofisi yake ya kuwaelekeza vijana mjini Boston mwaka 1908. Kabla ya hapo alikuwa ameshapitia uhandisi wa reli, kibarua katika kiwanda cha chuma, ualimu na uwakili. Ningekuwa na uwezo, huyo ndiye ningemwalika. Historia zilizonyooka kama rula zimenichosha mikono.

Wakati wa maswali ulipofika, msichana mmoja kati ya wale wanne akanyanyua mkono. Hapa inabidi nieleze kitu kimoja cha kazi yetu. Mkalimani hasemi "anauliza kwamba". Husema "mimi", kwa nafsi ya yule anayemsemea, kana kwamba yeye hayupo. Msichana akaanza: swali langu. Kisha kidole chake, badala ya kuelekea meza kuu, kikanielekea mimi.

"Swali langu ni kwa mkalimani," nikasema kwa sauti.

Vichwa vyote vikageuka. Mikono yake haikusimama, na mimi sikuwa na ruhusa ya kusimama.

"Hii ni kazi? Unalipwa? Ulipokuwa na umri wangu, uliandika kwamba utakuja kuifanya?"

Nilijisikia nikijiuliza mwenyewe, mbele ya watu mia mbili.

Utaratibu ninaujua. Nilipaswa kumwachia mwenzangu zamu, nijibu kama mtu wa kawaida, yeye atafsiri. Alikuwa ameshaanza kunyanyuka kitini. Nikampa ishara akae, na mpaka leo sina sababu nzuri ya kukueleza. Nikawajibu wasikiao kwanza: ndiyo, ni kazi, ninalipwa, na niliipenda mapema. Sentensi moja, tabasamu moja, makofi machache.

Kisha nikamgeukia yeye, na mikono ikasema mengine.

Nikamwambia kwamba kwa umri wake niliandika mhasibu, kwa kuwa rafiki yangu wa dawati moja aliandika mhasibu. Na nikawa mhasibu kweli. Ofisini meza yangu ilipakana na ya mwenzetu kiziwi, tukafundishana alama za kutosha kutaniana na kulalamikia mishahara. Siku moja akaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Bosi akanifuata: wewe mnaelewana naye, njoo ututafsirie. Nikaenda, tena kwa majivuno. Mwenzangu akaeleza kwamba hakuambiwa kuhusu mabadiliko ya zamu. Mimi nikasema amekataa mabadiliko ya zamu.

Kosa sikuliona mimi. Aliliona yeye, kwa kuzitazama nyuso za waliokuwa upande wa pili wa meza. Akanyoosha mkono, akachukua kalamu ya bosi, akaandika mwenyewe: sikuambiwa. Kazi yake aliiokoa kwa kalamu ile, wala si kwa msaada wangu. Tuliendelea kusalimiana, lakini utani uliisha. Mwezi uliofuata nikajiandikisha kwenye mafunzo ya ukalimani. "Sikuipenda mapema," nikamaliza. "Niliingia kwa aibu." Neno aibu nilirudia mara mbili.

Wale wanne walikuwa wametulia tuli. Wakili akamwinamia daktari: kumbe lugha hii ndefu hivi, jibu fupi limechukua muda wote huo! Hilo sikulitafsiri.

"Dada, umejibu mara mbili," mwenzangu akaninong'oneza tulipopishana.

"Najua."

"Kwa wasikiao umedanganya."

"Najua."

Watu walipoanza kutawanyika, yule msichana akanifuata na karatasi yake kwapani. Hakunipa pole wala hongera. Alitaka kujua kama kiziwi anaweza kuwa mkalimani. Nikamwambia wapo, na mara nyingi hufanya kazi sambamba na mkalimani anayesikia, hasa pale anayehudumiwa ametoka nchi nyingine, au hakuwahi kufika shule akajifunza lugha ya alama, ana ishara za nyumbani kwao tu. Hapo mimi nikikwama, mkalimani kiziwi hupenya. Akanitazama kwa macho membamba, kama anayetafuta mahali nilipodanganya safari hii.

"Wewe binafsi unamjua hata mmoja?"

"Mmoja wao ndiye aliyenifundisha."

Akaweka karatasi juu ya kiti, akatoa kifutio. Daktari likafutika polepole, herufi kwa herufi, mpaka karatasi ikaanza kupauka na kunyauka pale kati. Nikasubiri aandike jingine. Akapuliza vumbi la kifutio, akaichomeka karatasi katikati ya rundo lililokuwa mezani, akawafuata wenzake.

Mwalimu wa ushauri nasaha alibaki akihesabu, akizigawa: madaktari huku, mawakili huku. Akafika kwenye ile. Akaigeuza nyuma na mbele, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii haina jibu. Mnajua ni ya nani?"

Mwenzangu akanitazama. Kanuni zetu zinatutaka tutunze siri, na kwa siku ile nilikuwa nimeshavunja kanuni ya kutosha.

"Hapana, mwalimu," nikasema, nikaendelea kukunja waya wa kipaza sauti.