PPP imekubali kwenye Linux yangu

Jamani, modemu ya USB imeniunganisha na intaneti kwa PPP (itifaki ya kupitisha data kati ya kompyuta na modemu)! Naandika haraka, huenda kuna mwenzangu amekwama hapohapo.

Dalili zilikuwa hizi: wvdial (programu ya kupigia modemu) inapiga *99# (namba ya kuomba intaneti), modemu inajibu CONNECT, kisha pppd (programu inayoendesha PPP) inajifunga papo hapo ikilalamika kwamba kerneli (kiini cha Linux) haina PPP. Wengi hapo hulaumu laini au kifurushi. Wanaionea bure. CONNECT ikishatokea, simu imepokelewa. Tatizo limo ndani ya kompyuta.

Nikajaribu modprobe ppp_async, yaani kupakia moduli (kipande cha kerneli) ya PPP: moduli haipo. Aliyeijenga kerneli ile aliiacha nje. Basi nikatafuta msimbo wa kerneli wa toleo lilelile linaloonyeshwa na uname -r (likitofautiana, moduli hukataliwa), nikanakili mipangilio kutoka /boot, nikaweka CONFIG_PPP na CONFIG_PPP_ASYNC kuwa m (yaani zijengwe kama moduli). Nikakompaili moduli peke yake, kerneli nzima sikuigusa. Msisahau moduli ya slhc, maana ppp_generic (moduli kuu ya PPP) huitegemea na bila hiyo haipandi. Nikamalizia na depmod -a (kusasisha orodha ya moduli) na modprobe, /dev/ppp (faili ambayo pppd huitumia) ikajitokeza.

Nikapiga tena, anwani ya IP ikaja. Mwenye shida kama hii aweke hapa matokeo ya uname -r yake, tuangalie pamoja.