Siku moja maishani mwangu: kichwa kilichouma wiki tatu

Saa 1:30 asubuhi
Napokea ripoti ya zamu ya usiku. Mimi ni daktari katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga. Usiku ulikuwa mtulivu, naelekea OPD, kitengo cha wagonjwa wa nje.

Saa 3:00
“Kichwa kinaniuma.” Neno hili nalisikia kila siku, na kila siku najikaza niulize kana kwamba ni mara ya kwanza. Kimeanza lini? Ghafla au taratibu? Kinakuamsha usiku? Unatapika? Mwanga unakuumiza?

Mwalimu mmoja ana kipandauso tangu usichana: upande mmoja unapwita, kichefuchefu, na kabla ya hapo anaona vimulimuli. Siku hizi anameza dawa za maumivu karibu kila siku. Namweleza kwamba mtu akizitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita, dawa zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Tunapanga namna ya kuziacha. Anayemfuata ni mjamzito wa wiki 32, presha 160/110, macho yanaona ukungu. Huyo haketi kwenye foleni tena. Namsindikiza mwenyewe leba aanzishiwe magnesiamu kabla kifafa cha mimba hakijamkuta.

Saa 4:40
Anaingia kijana wa bodaboda, amejifunika kanga ya mama yake usoni kwa sababu ya mwanga. Kichwa kinauma wiki ya tatu sasa. Ameshapewa dawa ya malaria mara mbili, na vipimo vyote viwili havikuonyesha malaria. Homa ni kidogo. Nainamisha shingo yake, maana shingo ngumu ni dalili ya meninjaitisi, yaani uvimbe wa utando wa ubongo. Inainama bila shida.

Hapo ndipo moyo unaponidunda. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimruhusu kijana kama huyu arudi nyumbani, kwa kuwa shingo yake ilikuwa laini. Siku ya nne alirudishwa hajitambui, na hatukuweza kumwokoa. Tangu hapo sisubiri shingo ikakamae.

Namwomba mama atusubiri nje kidogo. Tukibaki wawili, kijana ananong'ona: alikuwa akitumia ARV, dawa za kufubaza VVU, akahamia mji mwingine kutafuta riziki, akaziacha miezi saba. Mama hajui, na mimi sitamwambia.

Natuma damu maabara kupima kriptokokasi, fangasi anayeweza kushambulia ubongo kinga ya mwili ikishuka. Kipimo ni kijiti kidogo, majibu ni ndani ya dakika 10 hivi. Mistari miwili: fangasi yupo. Sasa lazima tujue kama amefika kwenye ubongo.

Saa 5:30
“Mwanangu,” mama ananiambia nikitaja sindano ya mgongo, ya kuchota maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, “si hiyo ndiyo iliyomuua jirani yetu?”

Simlaumu. Sindano hii hucheleweshwa hadi mgonjwa anapumua kwa shida; ugonjwa unamuua, sindano inabeba lawama. Mama amefanya kazi shamba la mkonge, kwa hiyo namchorea kwenye daftari kwa lugha anayoijua. Uti wenyewe unaishia juu ya kiuno. Chini yake mishipa ya fahamu inaelea majini kama nyuzi za katani, na sindano ikipita nyuzi zinajisogeza. Nami nitachoma hapo chini, usawa wa mifupa ya nyonga. Anaitazama picha muda mrefu. “Mwenyewe anasemaje?” Kijana anaitikia kwa kichwa.

Kabla ya kuchoma napima nguvu za mikono na miguu, nachungulia mboni za macho. Pangekuwa na upande uliolegea, ningesimama kwanza. Analala ubavu, magoti kifuani, na muuguzi anamshika mabega. Ganzi, kisha sindano. Maji yanatoka maangavu kabisa. Meninjaitisi ya bakteria mara nyingi huyafanya kama maji yaliyooshea mchele, ila fangasi huyu anaweza kujificha ndani ya maji safi kama ya kisima. Naunganisha mrija na kupima kimo chake: sentimita 38. Kawaida haizidi 20. Shinikizo hilo ndilo linalomtesa, na ndilo linaloua watu na kuwapofusha. Nayatoa taratibu, mililita 25, mpaka kimo kinashuka hadi 19.

Saa 8:00 mchana
Maabara wanathibitisha: fangasi wapo kwenye maji ya mgongo.

Zamani tulichoma amfoterisini, dawa ya fangasi, siku 14 mfululizo, figo zikaumia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta), miligramu 10 kwa kilo. Ana kilo 48: chupa 10 za miligramu 50. Tunatanguliza lita moja ya maji ya chumvi yenye potasiamu kulinda figo, ila dawa yenyewe inaingia kwenye dekstrosi, maji ya sukari, kwani kwenye chumvi huganda. Pamoja nayo, dawa nyingine mbili za fangasi: flusitosini kila baada ya saa 6 na flukonazo miligramu 1200 kwa siku, zote kwa siku 14. ARV atarudishiwa baada ya wiki 4 hadi 6. Tukiharakisha, kinga inayoamka inaweza kuuvimbisha ubongo.

Saa 11:15 jioni
Mtoto wa miaka mitatu analetwa na bibi yake, degedege halijakatika. Nyumbani alifukizwa kwanza. Diazepamu ya kukata degedege kwa njia ya haja kubwa, sukari inapimwa, iko chini, anapewa glukosi. Malaria ipo: atesuneti, dawa ya malaria, ya mshipa, miligramu 3 kwa kilo. Kwa kuwa hajazinduka na siwezi kumchoma mgongo akiwa hivi, namwanzishia pia seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria. Malaria haizuii meninjaitisi kuwepo. “Bibi, safari nyingine akitetemeka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mje moja kwa moja.” Anaitikia, machozi yanamtoka.

Saa 2:00 usiku
Mtoto amelia, tena kwa sauti. Napita kwa kijana wa bodaboda. Kanga imekunjwa chini ya mto, macho yamefunguka, taa inawaka. Anakunywa uji.

“Kesho mnamtoa tena yale maji?” mama anauliza.

“Ndiyo mama, kichwa kikiendelea kuuma au shinikizo likiwa bado juu.”

“Saa ngapi? Nije mapema nimshike mimi.”