Mguu wa kushoto, Mabatini

Jana usiku mtoto wa kaka kanitumia picha ya pikipiki. Imeinuka, madigadi ya mbele yako mbali na tairi, siti juu kabisa. "Shangazi, shikamoo. Nimeipata hii kwa bei nzuri. Ndiyo ya kwanza, ninunue?"

Simu niliiweka chini. Kimawazo nilikuwa nimeshafika Mabatini, Mwanza, kwa Mzee fundi pikipiki, mwaka 2012, enzi zile dagaa wa Igombe ndio walionilisha.

Nilikuwa natafuta pikipiki yangu ya kwanza, na kila mtu alikuwa na lake. Kaka alitaka ninunue bajaji, nimpe kijana aniletee hesabu. Mama hakutaka hata kusikia. Wenzangu wa soko la samaki la Mwaloni walisema Boxer, maana spea zake zipo kila kona na keria yake inabeba. Moyo wangu ulikuwa kwa Honda XL moja nyeupe, imeinuka kama hii ya kwenye picha, iliyokuwa ya mradi fulani. Nimekua nikiziona XL zikipita kijijini na mabwana shamba, na mwanamke wa kwanza niliyemwona akiendesha pikipiki, bibi afya wa zahanati yetu, alikuwa juu ya XL. Nilikuwa mdogo, lakini siku ile niliamua.

Mzee alianza kwa kuweka kiganja kwenye injini kabla muuzaji hajaigusa. Ilikuwa ya baridi, akaridhika. "Ukiikuta ya moto, mayu, ujue wameshaipasha, usione asubuhi inavyosumbua kuwaka." Akapiga kiki. Akautazama moshi, kama una rangi ya bluu ringi zimekwisha. Akabonyeza shokapu za mbele kuona kama zinavuja, halafu akalinganisha namba ya chasisi na ya kwenye kadi, tarakimu moja moja, kidole kikifuata. Kasoro hakuiona. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye pochi.

"Bado," akasema. "Twende juu."

Nyuma ya gereji yake kulikuwa na kichochoro kinachopanda kati ya majabali, nyumba zimekaa juu ya mawe huku na huku, changarawe chini, mtaro upande wa kushoto. Wenyeji wa Mwanza mnavijua vichochoro vya namna hiyo. Mzee alitaka nipande mpaka katikati ya mlima, nisimame, nizime injini. Kuendesha nilikuwa najua, na XL ilipanda kwa raha. Nikasimama. Mguu wa kulia ukabaki kwenye breki, kwa sababu breki ya mbele peke yake kwenye changarawe hukutelezesha. Uliobaki wa kushuka ni wa kushoto.

Nikaushusha. Ukashuka, ukaendelea kushuka, na ardhi haikuwepo. Njia ile imeinamia mtaroni, na upande ulioinama ndio ulio mbali na mguu. Ncha ya kandambili ikagusa jiwe, jiwe likabiringika. Nikasikia uzito wote unaacha magurudumu na kuja kwenye paja langu, taratibu kabisa, na nikajua kwamba ukishapita mahali fulani hakuna nguvu za kuurudisha. Haukupita. Mzee alikuwa amesimama upande ule muda wote, mikono miwili kwenye keria, hata hakuonyesha kushtuka.

"Sasa weka gunia nyuma," akasema. "Mimi niko gereji. Nani anaishika?"

Tukarudi tukachukua Boxer ya mteja wake, cc 150. Kwa kuisukuma ni nzito kuliko XL, nilihisi hivyo tangu mlangoni. Lakini pale pale mlimani mguu ulitua, kisigino na vidole, na ile nzito ikatulia. Uzito wake umekaa chini. Nikaiwasha, nikaachia klachi polepole mpaka nikasikia inavuta, ndipo nikaachia breki, ikapanda bila kurudi nyuma. Akailaza akaniambia niiinue: geuka uipe mgongo, kalia ubavu wa siti, shika, sukuma kwa miguu. Ikainuka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Boxer yangu nikaitafuta, leseni ya daraja A nikaipata, kadi nikaibadilisha jina TRA, na ile pikipiki ikasomesha watu. Huyu kijana wetu nimemjibu kwa kumuuliza kama ameshaisimamisha mlimani, na upande ulioinama mguu unafika wapi. Yeye ni mrefu, huenda inamfaa.

Ila kuna jambo sijalimaliza. Niliwahi kumuuliza Mzee kama wanaume nao huwapeleka kule juu. Akasema huwaambia wote, wengi hukataa, huona wamedharauliwa. Nikawawaza vijana wafupi wa Mwaloni waliokuwa wakihangaika na mizigo juu ya pikipiki ndefu. Kisha nikaja kujua kwamba fundi siti hukata sponji na kuishusha siti, kazi ya mchana mmoja. Mzee alilijua hilo, gereji yake na ya fundi siti zinapakana. Hakulitaja. Labda aliwaza gunia, kwamba siti ikishuka mzigo unabaki juu vilevile, na hapo namkubalia. Labda pia aliona sponji ya mwanamke si ya kuhangaikia. Nampenda Mzee, na bado nataka kujua ni lipi kati ya hayo mawili.