Gemu la bao, wajaribu 12 na siku 14: nilivyopata kazi ya kutengeneza gemu

Ushauri ninaoukasirikia mpaka leo ni huu: "Ukitaka kazi ya gemu, tafuta kwanza kompyuta ya milioni tatu, halafu tengeneza mji mzima wenye magari na bunduki, watu wakuone." Nawajua vijana wenye vipaji waliokaa miaka miwili na mji usiokuwa na hata mlango unaofunguka. Mimi kazi ya kulipwa nimeipata kwa gemu la bao, na nililitengeneza kwenye kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 4.

Injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni Godot. Ni ya bure, leseni yake ni MIT, na hakuna atakayekudai asilimia ukianza kupata hela. Kwenye mashine dhaifu, unapofungua mradi mpya chagua "Compatibility". Njia nyingine mbili za kuchora, kwenye simu za Android, zinataka Vulkan (teknolojia ya kuchora ya vifaa vipya zaidi), na kuna simu za bei ya chini zitakazokuonyesha skrini nyeusi tu usijue kosa liko wapi.

Kwa nini bao? Kwa sababu sheria zake zipo tayari na picha zake ni chache: mashimo 32, kete 64, basi. Nguvu zote zinakwenda kwenye msimbo. Kila mchezaji mpe safu ya namba 16: 0 hadi 7 ni mbele kuanzia kushoto kwake, 8 hadi 15 ni nyuma. Shimo la mbele namba i linatazamana na la mpinzani namba 7 toa i, si namba i, kwa kuwa naye anahesabu kutoka kushoto kwake. Ukikosea hapo, gemu litakula kete za shimo lisilohusika, na mchezaji wa kweli ataligundua kabla hajamaliza zamu ya pili.

Kusambaza kete ndiko kulikonifundisha kazi hii. Mwanzo niliandika mzunguko wa while, yaani msimbo unaojirudia mpaka sharti lake liishe: chukua kete, dondosha moja moja, ukiishia kwenye shimo lenye kete chukua tena, endelea. Kwenye karatasi ni sahihi. Kwenye simu kete zilikuwa zinaruka: unagusa shimo, ghafla ubao mzima umebadilika. Gemu huchora skrini mara 60 kwa sekunde, na mzunguko wangu ulikuwa unamaliza safari nzima ndani ya fremu moja, yaani mchoro mmoja kati ya hiyo 60, kwa hiyo jicho halioni kitu. Na baya zaidi, bao lina mikao ambayo zamu inaweza kuzunguka bila kukoma. Ikitokea hivyo simu inaganda, na baada ya sekunde kama tano Android inatangaza kwamba programu haijibu. Dawa ni kuweka await (amri ya kusubiri) kwenye taimea ya sekunde 0.15 baada ya kila kete, na kikomo cha hatua kwa kila zamu. Mimi niliweka 500.

Taimea nayo ikaleta balaa jingine. Kete zikiwa bado zinatembea, mchezaji anagusa shimo la pili, na zamu mbili zinakimbia kwa pamoja huku zikigombania kibadilika kimoja cha "mkononi", yaani namba inayotunza kete zinazosambazwa. Kete zinapotea kimyakimya. Hili nililinasa kwa mtego ninaoupenda kuliko msimbo wote niliowahi kuandika: kila zamu ikiisha, jumlisha kete za ubaoni na zilizobaki mikononi mwa wachezaji wote wawili. Lazima ziwe 64. Mwanzo wa mchezo kila mtu ana 10 ubaoni, yaani 6 kwenye nyumba (shimo kuu la kila mchezaji) na 2 kwenye kila shimo kati ya mawili yanayofuata kulia kwake, na 22 mkononi, hivyo hesabu inaanza sawa. Siku hiyo ilitoka 59. Nikafunga miguso yote mpaka zamu iishe, na haijawahi kupungua tena.

Google Play wanataka dola 25 mara moja tu, kwetu Tanzania shilingi elfu sitini na kitu. Fedha si kikwazo. Kikwazo ni kwamba akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 lazima, kabla gemu halijatoka, iwe na wajaribu 12 waliojiunga kwenye jaribio lake kwa siku 14 mfululizo (mwanzoni walitaka 20, wakapunguza Desemba 2024). Mara ya kwanza niliweka 13. Siku ya tisa watatu wakajitoa wakidhani kazi imekwisha, nikaanza upya. Wengine walikuwa hawajaingia kabisa, kwa sababu barua pepe waliyonipa siyo iliyo kwenye simu. Usimuulize mtu barua pepe yake. Mwambie afungue Play Store, aguse picha yake juu kulia, unakili kinachoonekana pale. Na usiweke 12 kamili, weka 19 au 20.

Wajaribu wangu wa pili niliwapata kijiweni, kwenye bao la mbao, wala sikuwatafuta kwenye makundi ya "nijaribie nikujaribie" ambako mtu anapakua halafu hafungui. Mzee mmoja alicheza dakika kumi, akanirudishia simu.

"Kijana, mbona imenilazimisha kusafiri? Nyumba ni yangu, nataka kulala."

Alikuwa na haki. Kwenye namua, awamu ya kwanza ambapo kete bado zipo mkononi, zamu ya kula ikiishia kwenye nyumba yako ambayo bado hai, uamuzi ni wako: kulala, yaani zamu iishie hapo, au kusafiri, yaani uchukue kete zake uendelee kusambaza. Niliweka vitufe viwili, "Lala" na "Safiri", nikaandika tarehe na maneno yake daftarini. Siku ya kuomba gemu liende hewani, fomu inauliza wajaribu walisema nini na wewe ulibadilisha nini. Majibu yalikuwa yote kwenye daftari lile.

Ujuzi wa kufanya kazi na wenzangu niliupata Global Game Jam, tukio la dunia nzima ambapo timu hutengeneza gemu kwa siku chache, linalofanyika kila Januari tangu 2009. Halina mshindi, ndiyo maana watu hawafichiani ujuzi. Nenda hata kama hujui kuchora. Timu nyingi zina wachoraji wawili na hazina mtu wa msimbo. Jifunze Git (programu ya kutunza na kuunganisha msimbo wa watu wengi) kabla ya kwenda, maana saa mbili za mwisho ndizo watu wanapofutiana kazi.

Mmoja wa timu yangu ndiye aliyenipeleka kwa watu waliokuwa wanataka gemu la hesabu la shule ya msingi. Cheti hawakuniuliza. Walicheza bao, wakaomba kuona msimbo, na mtaalamu wao akasimama kwenye mstari unaohesabu kete 64. Akaniuliza umewekwa wa nini. Nikamweleza habari ya zile 59. Malipo tukagawa mara tatu: kabla ya kuanza, gemu likianza kuchezeka, na siku ya kukabidhi.