Kocha anayeokota takataka

Mwanangu anacheza hoki ya barafu hapa Toronto. Jana nimeingia chumba chao cha kubadilishia nguo kumfunga kamba za viatu. Harufu ya jasho, usiseme! Kocha kainama anaokota vipande vya utepe sakafuni, hamfokei mtu. Watoto wenyewe wakaanza kumsaidia.

Nikamkumbuka kocha Mike Babcock enzi zake Maple Leafs, timu ya hoki ya hapa Toronto: alimtaka Mitch Marner, kinda wa msimu wa kwanza, awapange wenzake kuanzia mwenye bidii zaidi hadi mwenye bidii kidogo, kisha Babcock akawaambia baadhi ya waliowekwa mkiani. Fitina tupu! Habari ilivuja alipokwisha kutimuliwa, Novemba 2019. Mwaka 2023 Columbus, timu ya hoki ya Marekani, wakamchukua; akajiuzulu kabla ya mechi hata moja, kwa kutaka kuona picha za simu za wachezaji. Hivi waliomwajiri walikuwa wanaangalia nini?